Sikukuu ya Mawe na Jiwe la Kasa

Kijiji cha Tanjung Resak,
Kisiwa cha Belitung.
22 Septemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Zulpan,

Assalamu alaikum. Hujambo wewe, na wifi yangu Hartini, na watoto? Kile kikohozi cha mdogo kimepona? Huku tu wazima wa mwili, alhamdulillah. Mioyo ndiyo imechoka.

Uliniuliza habari za sikukuu. Ilifanyika, Jumamosi ile ya mwisho wa Agosti. Tulitaka wakubwa wa wilaya waje wauone mwambao wetu, waukinge na wachimba mawe. Tulipika gangan, mchuzi wa samaki wenye manjano na nanasi, masufuria sita. Watoto walifundishwa kueleza jinsi mawe yetu yalivyopanda yakiwa moto kutoka chini ya ardhi, kabla hajakuwapo mtu duniani. Akaja karani mmoja tu. Alipomaliza kula, akaondoka.

Baba ndiye aliyekuwa kiongozi wa matembezi. Tangu macho yake yazimike, mawe yote anayajua kwa viganja. Alivaa ile batiki uliyomletea, akatangulia akitania: "Nifuateni mimi kipofu, nyinyi wenye macho mtapotea!"

Tulipofika kwenye Jiwe la Kasa, akalipapasa kichwa, kisha mgongo. Kidole kikazama.

"Rosnila, mbona hapa pana tundu?"

Yalikuwa matundu kumi na moja, yametobolewa kwa mashine, na namba nyekundu pembeni. Nikamwambia, "Ya kuchomekea bendera za sikukuu, Baba."

"Bendera nyingi hizo," akasema. Akaendelea kueleza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Nilimvaa mwenyekiti wa kijiji, Pak Sarbini. "Umetuacha tupike na kushona bendera, kumbe unajua!" Akanijibu, "Dada, kibali cha kuchimba mawe kilitoka tangu Februari. Ningewanyima hata siku moja ya furaha?" Tuliandika barua wilayani, watu mia mbili wakatia sahihi. Hakuna aliyetujibu.

Jumanne iliyopita wachimba mawe walililipua Jiwe la Kasa. Vyombo vilitikisika kabatini. Baba alikuwa uani anakunywa kahawa.

"Radi hiyo?"

"Ndiyo, Baba. Radi."

Na jua lilikuwa linamchoma usoni.

Wanaopakia vipande kwenye malori ni vijana wetu wenyewe. Siwalaumu, samaki wameadimika. Hata shemeji yako Harsono ameomba kazi huko, na mimi mkewe ndiye niliyemwandikia barua ya maombi.

Juzi Ijumaa Baba aliomba nimpeleke kwenye Jiwe la Kasa. Nilitafuta visingizio vikaniishia. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye jiwe jingine, lile la nyuma ya msikiti. Alilipapasa polepole, akilizunguka, akitafuta kichwa ambacho halina. Mwishowe akanishika bega.

"Jiwe zuri," akasema. "Turudi nyumbani, mwanangu."

Akatembea hadi nyumbani bila kuliachia bega langu.

Msalimie sana wifi, na shangazi Maryani akija kwenu. Ukipiga simu, tafadhali usimwulize Baba habari za mawe. Mwenyezi Mungu awatunze huko ugenini, asiwaonyeshe mnachokipenda kikiondoka mbele ya macho yenu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Rosnila