Mutu Mwenye Anaitikia Bote

Beni, jumamosi, siku ya posho, nyuma ya kazi

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia kutoka hapa Beni kwenye jua haina huruma, na weye kule Luofu na baridi yako na ile tricot ya kijani yenye unakataa kutupa. Goti inaendelea namna gani? Ile mafuta nilikutumia, unapaka ao umeshamupatia shangazi? Nakujua. Miye niko muzima, nakula, nasali, na kiatu yangu ya kushoto bado inaingiza maji.

Iyi barua nitapatia mama mwenye anapandaka na lori ya maharagi. Nimemuambia aiweke mu mukono yako, hapana ya mutu mwingine. Baba mudogo, juu ni katekista, anapenda kusomea batu mabarua yabo na sauti ya juu. Iyi usimupatie. Vaa miwani, kaa chini, soma peke yako. Kwa telefone singeweza kuisema, na utaona kwa nini.

Nianze na kazi, juu kila kitu ilitoka pale. Unajua niko secrétaire ku dépôt moja ya kakao, na bado niko mu essai: patron anaweza kuniambia kesho nibaki nyumbani. Kuna myezi tano toka aanze kutafuta batu bane ba kupima kakao na kuangalia kama imekauka muzuri. Toka siku offre ya kazi ilibandikwa ku portail ya kiwanja, sikupumua. Kila asubui batu na enveloppe khaki mu mukono, na miye njo nakaa ku dirisha, donc matusi yote inapita kwangu. Bale ba inje banasema: "Dada, sema tu kweli, fasi iko ao patron ameshaweka bandugu yake?" Patron naye, nikimupelekea madossier, anasema: "Banaandika barua ya muzuri sana, mais ukibaita hakuna mutu anakuja. Banatafuta kazi ao banatafuta kuandika?" Kila upande anaona ule mwingine ni mwongo, na bote banakasirikia dirisha yangu.

Sasa nikuungamie kitu. Mu ile rundo ya dossier niliingiza ya Muhindo, mudogo yangu. Lettre de motivation niliandika miye mwenyewe, nikaweka ni mutu "ponctuel na rigoureux", yeye mwenye alichelewa ata ku komunio yake ya kwanza. Mais kwa kakao sikudanganya. Muhindo anauma mbegu moja tu, anakuambia ilikaa siku ngapi ku jua. Nilitaka atoke kule nyuma ya Oicha, kwenye mashamba inagusana na pori, mbele bauaji ba mu pori bamukute. Sikumuambia ata yeye, nilitaka kumushangaza. Dossier yake niliacha tena ku madépôt ingine mbili.

Hii mwezi njo patron alichagua dossier munane, kati ya zile za kwanza kufika. Bote ni batu ba kijiji moja, kijiji yenye Muhindo analimaka, juu kule njo banajua kakao kutupita. Akanipatia liste, akasema: "Bapigie, bakuje mercredi."

Nilipiga ya kwanza. "Allo, ni Paluku?" Sauti ya muzee, ya upole, ikajibu: "Ni miye." Nikamuambia entretien ni mercredi, aje tumuulize juu ya kazi. "Nitakuja." Muzuri. Nikapiga ya pili, Kasereka. "Ni miye," ile ile sauti. Nikafikiri réseau inachanganya namba, sawa inafanyaka wakati ya mvua. Ya tatu ilikuwa mwanamuke, Masika, diplômée. Ule muzee akasema: "Ni miye. Nitakuja." Nilicheka, Mama, nilifikiri ni kijana anaiga sauti ya muzee juu ya kunichokoza. Ku ya ine nikasikiliza muzuri. Nyuma ya sauti yake kulikuwa matelefone ingine inalia, mingi, kila moja na muziki yake, na hakuna mutu anaijibu. Hakuna mutoto, hakuna mutu anakohoa. Kijiji muzima, saa ine ya asubui, na hakuna ata kuku. Nilimaliza liste bila kucheka tena.

Ya munane ilikuwa Muhindo. "Ni miye," sauti ikasema. Mama, Muhindo nilimubeba mu mugongo. Sauti yake najua ya utoto na ya leo. Nikauliza: "Weye ni nani?" Akajibu pole pole: "Nitakuja. Usikate jina." Akafunga.

Pale njo nilikumbuka maneno yako. Hii myezi tatu unaniambia kila dimanche nyuma ya misa unapigia Muhindo, na kila dimanche muzee mumoja wa upole anaitika, anasema Muhindo iko muzima, ameenda ku shamba. Na miye nilikuambia: unaona, ni mwenye nyumba yake, usijisumbue. Nilikuambia vile, nikaendelea na kazi yangu. Woga iliniingia wakati ule, ku kiti yangu, na jua yote inje.

Mercredi ikafika. Patron mwenyewe alipanga biti munane mu bureau, kiti moja kwa kila mutu. Saa tatu, saa ine, saa tano: biti munane na sisi babili. Akasema: "Njo bale banalia kazi hakuna." Kisha akanigeukia. "Ao weye njo ulitunga hii majina? Piga hapa mbele yangu, weka haut-parleur nisikie. Kama ni mchezo, essai yako imeisha leo."

Nikapiga ya Paluku. Ikalia mu haut-parleur, na ikalia tena inje, mu kiwanja. Patron akainua kichwa. Nikakata, nikapiga ya Masika. Muziki ingine, inje, fasi ile ile. Bale ba ku portail, na enveloppe yabo mu mukono, bote banasogea kando. Pale ku banc kulikuwa muzee mwembamba. Alikaa katikati yabo toka asubui na hakuna mutu alimuuliza kitu. Mu magoti yake alishika mufuko ya sukari, na mufuko ilikuwa inalia.

Akaingia. Hakukaa. Akatoa matelefone moja moja, akaweka moja ku kila kiti. Kila moja ilifungwa na mupira ya chambre à air, na karatasi kidogo yenye jina. Yote ilikuwa na charge ya kujaa.

"Weye ni nani?" patron akauliza.

"Miye niko na plaque solaire," muzee akasema. "Batu banachargeaka matelefone kwangu, na jua. Banaleta asubui, banachukua mangaribi. Ile siku balileta asubui. Mangaribi hakuna mutu alikuwa tena mu kijiji."

"Balienda wapi?"

"Bengine niliona mugongo yabo ku njia ya Oicha. Bengine sikuona kitu. Miye nilibaki juu ya hizi. Nazichargea kila siku. Mutu akirudi akute telefone yake imezima, nitamuambia nini?"

Patron akakasirika, mais ilikuwa ile hasira ya mutu mwenye anaogopa. "Na juu ya nini unasema ni miye, ni miye?"

"Kwa bamama nasemaka ameenda ku shamba, juu mama anajua sauti ya mutoto wake. Kwa babureau nasemaka ni miye, juu bureau haingojeaka. Nikisema haiko, munakata jina yake, na akirudi atakuta fasi ilishaenda. Nilisema mercredi nitakuja. Nimekuja."

Patron akachukua bic na liste. Naona hakujua mikono yake iende wapi. Akaanza kuita, sawa appel ya ku masomo. "Paluku." Muzee: "Anakuja." "Kasereka." "Anakuja." Kila jina, bic inashuka, inagusa karatasi, inabaki pale. Akafika ku ya munane. "Muhindo."

Muzee hakuitika. Alikuwa ananiangalia miye. Sijui alijua namna gani, labda alitambua sauti yangu ya ku telefone. Ku kiti ya munane niliona telefone ya mutoto wako, mu ile kifuko ya kitenge yenye ulimushonea juu isikwaruzike. Patron akaita mara ya pili. Na kinywa yangu ikasema: "Anakuja."

Patron akaweka bic chini. "Ni ndugu yako?"

"Ni mudogo yangu."

Hakusema kitu juu ya dossier. Akatoka mu kiwanja, akachukua batu bane kati ya bale ba ku portail, hivi hivi, bila test, bila kufungua enveloppe. Mumoja alilia juu ya furaha. Myezi mingi banatukana dirisha yangu, na kazi ikapatikana mu dakika tano, juu patron hakutaka kuona bile biti tena. Miye nimebaki ku kazi. Ile liste alinipatia, akasema nikate majina miye mwenyewe. Iko mu tiroir ya meza yangu na sijaikata.

Muzee alirudi na matelefone saba. Ya munane aliniwekea mu mukono, akasema: "Ya huyu, sasa utaitikaka weye." Nilimuuliza kama alimuona Muhindo ile siku. "Asubui alikuwa anacheka," akasema. "Alisema niiweke karibu na dirisha." Njo yote anajua. Nimezunguka na jina yake ku hospitali, ku paroisse, na kule Oicha kwenye bale balikimbia banalala. Hakuna mwenye alimuona amekufa. Hakuna mwenye alimuona.

Mama, njo maana dimanche iliyopita hakuna mutu alikujibu. Telefone ililia ku meza yangu, ikaandika "Mama", na miye niliiangalia mpaka ikanyamaza. Unisamehe. Sikuwa na nguvu ya kukuambia ameenda ku shamba, na ya kukuambia ingine pia sikuwa nayo. Dimanche yenye itafuata hii barua, piga. Nitaitika, na utasikia ni miye, na hautauliza. Tutaongea tu.

Salimia baba mudogo na umuambie asinune juu ya barua. Salimia shangazi wa ku soko na biazi yake, na ule mama wa shirika ya kanisa mwenye anakuletea maji wakati goti inakataa. Bote ubaambie nabaota. Juu ya Muhindo, ubaambie tu tunamutafuta, na bamuweke mu sala.

Nilikuwa nafika ku kuandika jina yangu, telefone yake ikalia. Namba siijui. Nikaitika: "Allo?" Mwanaume mumoja, ana haraka, akasema: "Ni Muhindo? Tunapiga kutoka dépôt kwenye uliacha dossier. Entretien ni lundi, saa mbili kamili. Utakuja ao nikate jina? Juu nyiye batu, mukiitwa hamukujaka." Sauti yangu ya mwanamuke aliisikia muzuri na hakushangaa. Nilijua kitu ya kusema. Karatasi hii ilikuwa mbele yangu, na jina yake juu yake.

Nikasema: "Ni miye. Nitakuja."

Binti yako,
Kavira