Nafasi ya Kulia kwa Mama

Chilangala, Newala
Julai, msimu wa kupulizia mikorosho

Kaka yangu mpendwa Edmund,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikufikie, na ikukute mzima. Sisi huku hatujambo kiasi. Baridi imeshuka na upepo wake, mikorosho imeanza kutoa maua, na kila asubuhi kijiji kizima kinanuka salfa, hata uji unakuwa na ladha yake. Mama anakohoa kidogo, lakini kanisani hakosi, na bado anawasahihisha wanakwaya katikati ya wimbo. Mimi naendelea na darasa langu la tatu. Sauti imekauka kwa kupiga kelele, ila mshahara unaingia, kwa hiyo nashukuru.

Najua utacheka kupata barua ya karatasi zama hizi. Nifanyeje? Simu yako haipatikani tangu Pasaka. Yule dada anayesema mteja hapatikani nimeanza kumchukia, jinsi anavyolisema jambo hilo kwa upole kama anakukaribisha chai. Barua hii nampa Gervas, mwenzako wa machimboni huko Chunya, aliyekuja kumzika baba yake. Ametuambia ulihama kambi na watu asiowafahamu, wala hukumuaga. Ameniahidi atauliza kambi hadi kambi mpaka akupate.

Lakini nianze na kamera, maana hela ulizotuma mara ya mwisho tulipoongea zilikuwa za kamera, nami sipendi uniwazie kwamba nilizila. Uliniambia ninunue ya kawaida, ya kila siku, si ya wapiga picha wa harusi. Ukasema unataka kumwona mama, na tusirudie makosa ya simu. Unajua ninachosema. Picha zote za Upendo zilikuwa kwenye simu yangu, na ilipozima ikazima nazo. Mdogo wetu tulimzika mwaka juzi baada ya ile ajali ya bodaboda mteremkoni, na leo hatuna hata picha moja ya kuweka kwenye msalaba wake. Kila nikipita kaburini naona aibu.

Basi nikashuka Masasi siku ya soko. Karibu na stendi kuna dada mmoja wa Kichaga, anaitwa Sia, anauza vifaa vya umeme vilivyotumika, na maneno anayatoa bure. Alianza kunionyesha likamera likubwa lenye lenzi ndefu, nikamwambia mimi natafuta kamera, sitafuti mzinga. Akaleta mpya ya bei rahisi, yenye kibandiko cha kujisifu mbele. Nilipiga bango la duka la jirani, nikaivuta picha ili niikuze, herufi zikawa uji. Nyingine ilikuwa nzuri lakini inakula betri za tochi, na betri za tochi huku kwetu zinakufa kabla ya kuzaliwa. Mwisho akatoa ndogo, ya rangi ya fedha, imekwaruzika pembeni, inayochajiwa hata kwa sola na kuhifadhi picha kwenye kadi unayoweza kuichomoa ukaiweka salama. Nikampiga Sia mwenyewe akiwa kivulini, maana hapo ndipo kamera nyingi hutupoteza sisi weusi. Uso ulitoka vizuri, hata kovu la kidevuni lilionekana. Nikainunua.

Kabla sijaondoka alinionyesha kitu kimoja. Ukimwelekezea mtu kamera, kwenye kioo chake kinatokea kimraba cha njano kinachomzunguka uso. Ndivyo kamera inavyojua pa kutazama. Alielekeza kwa wapita njia, na vimraba vikawa vinawafuata mmoja mmoja. Nilifurahi kama mtoto.

Nyumbani mama alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alioga, akavaa gauni la Umoja wa Akina Mama, akatandika mkeka mbele ya nyumba. Lakini hakukaa katikati. Alikaa upande wa kulia kabisa, ukingoni, kushoto kwake akaacha nafasi ya mtu. Nikamwambia asogee. Akasema hapo alipo panamtosha. Kaka, wewe unakumbuka tulivyokuwa tunakaa mkekani tangu utoto: wewe kifungua mimba kulia kwa mama, Upendo kitinda mimba kushoto, na mimi wa kati popote nitakapobanwa. Nilielewa. Nikainua kamera.

Kimraba kikamzunguka mama usoni. Kisha kikatokea cha pili, kushoto kwake, juu ya mkeka mtupu, usawa wa kichwa cha msichana aliyekaa.

Nilibonyeza bila kufikiri. Picha ilipotoka, alikuwa mama peke yake, na mkeka, na ukuta. Nikamwomba mama asimame, nikauelekezea mkeka peke yake. Hakuna kitu. Mama akakaa tena, na kimraba kikarudi mahali pale pale. 

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Sia. Alinicheka, akasema kamera za bei hizi zina macho ya kubahatisha, na kwamba yeye aliwahi kuona moja ikikiona kichwa cha mtu kwenye mfuko wa saruji. Akasema ni nyufa za ukuta wetu wa udongo. Yalikuwa maelezo mazuri, na nilipanda gari la kurudi nikiwa mwepesi. Nikamhamishia mama nyuma ya nyumba, penye uwazi, ambako hakuna ukuta wala ufa. Akatandika mkeka, akaacha nafasi. Kimraba kikaja.

Safari hii mama alitaka kuona kwenye kioo. Sikuweza kumnyima, nikaiweka kamera juu ya kigoda, nikakikunjua kile kioo chake kidogo na kukigeuza upande wake, mimi nikachuchumaa kando, nje ya picha. Aliviona vimraba. Akauliza cha kwake ni kipi, nikamwonyesha. Hakuuliza kile kingine ni cha nani. Alikitazama muda mrefu, akapitisha mkono hewani pale kushoto kwake, taratibu, kama anayemrekebisha mtu kitambaa cha kichwa.

“Basi umenunua kamera nzuri,” alisema. “Hukupunjwa.”

Tangu hapo ikawa ada. Nikitoka shule namkuta amekwisha vaa, mkeka umetandikwa. Kusema kweli nilianza kuzoea. Hofu ilipungua, na kuna jioni nilijikuta namwambia Upendo asitikisike. Nilicheka, kisha nikalia sana jikoni.

Halafu Gervas akafika na habari zako. Alizitoa sebuleni, mama akiwa amekaa pale pale. Unajua kijiji kizima kinamwita Mama Edmund. Siku hizi wakimwita hachelewi kusikia, anachelewa kuitika. Anamtazama aliyemwita kwanza, kama anayetaka kujua kama jina hilo bado ni lake.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, alitandika mkeka. Safari hii alikaa katikati. Kushoto kwake nafasi, na kulia kwake nafasi.

Nilisimama na kamera mkononi, bado sijaiwasha. Nikamuuliza kwa nini amesogea, na hali nilikuwa najua. 

“Piga, Julia,” alisema. “Nataka kujua.”

Kaka, hapa ndipo ninapokiri. Nilimwambia mama betri imekwisha. Nikamwambia hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na mpaka leo ninamwambia hivyo. Betri imejaa. Nimeichomoa na kuificha ndani ya kopo la chumvi, na kamera naiweka mfukoni ikiwa tupu kama kipande cha tofali. Mama si mjinga. Anaitazama sola juu ya bati, analitazama jua, kisha ananitazama mimi. Jana amesema kama mimi nimeshindwa, atashuka Masasi mwenyewe kwa huyo Sia ikatengenezwe. Sia ataitia betri nyingine, ataiwasha pale pale, atajaribu kumpiga, na mama atakaa kwenye benchi lake na kuacha nafasi kulia.

Mimi ni Mkristo na ni mwalimu. Nikiulizwa mbele za watu nitasema ni nyufa, ni vumbi la salfa, ni kamera ya bei rahisi. Lakini kuinua ile kamera siwezi. Nikiiwasha na pale kulia pasitokee kitu, nitapiga magoti nimshukuru Mungu. Pakitokea, sijui nitakirudishaje kichwa changu mahali pake. Naogopa, kaka. Naogopa kuliko siku waliyonipigia kunieleza habari za mteremko.

Kwa hiyo sikuombi hela wala zawadi. Njoo. Kama ulikosana na watu, kama hukupata kitu, kama unaona haya kurudi mikono mitupu, yote hayo hapa hayana mtu wa kuyauliza. Njoo ukae mkekani upande wako, mzito na mwenye jasho la safari, nami nitaitoa betri kwenye chumvi na kukupiga hadi uchoke. Ukishindwa kuja sasa, basi mwandikie mama mstari mmoja kwa mkono wako mwenyewe, umpe Gervas. Mwandiko wako mbaya anaujua.

Mama Dastani wa jirani anakusalimu, na wanakwaya wa zamani wanasema sauti ya nne imepwaya tangu uondoke. Nilimuuliza mama nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alikuwa anapeta mtama, hakuinua uso. Amesema salamu zako anazo, ila anasubiri kujua azipeleke wapi.

Nakungoja mimi,
mdogo wako wa kati,
Julia