Kinu cha Mama Kabula

Mjukuu wangu Limi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku tupo salama; babu yako anakohoa kidogo, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini namnunia jirani yetu Mama Kabula, wakati mbolea ninayotumia alinifundisha yeye.

Nilipoolewa hapa Rwamgasa, kila jioni nilimsikia akitwanga kitu kigumu. Huku kwetu mtu akitwanga vile, ujue anatwanga mawe ya dhahabu. Roho iliniuma, mjukuu wangu. Siku moja nikajifanya naenda kuomba moto, nikachungulia kinuni.

Mifupa! Aliichukua buchani, akaichoma mpaka ikawa myeupe, akaitwanga ikawa unga, kisha akauchanganya na samadi na maganda ya viazi, vikaoza pamoja. Kumbe ndiyo maana mahindi yake yalikuwa ya kijani kibichi, na yangu majani yamegeuka zambarau.

"Si ungeniuliza tu, mdogo wangu," akasema, akanijazia ndoo.

Tangu hapo nashindana naye, na yeye hajui. Mwaka huu mahindi yangu yameyapita yake. Nikamwita makusudi aje ayaone, nimtazame uso. Akazunguka shamba zima akishikashika majani, akapiga vigelegele, akanikumbatia kama nimejifungua.

Hata wivu hana, Limi. Na hilo nalo namwonea wivu.

Bibi yako,
mwenye mahindi marefu kuliko ya jirani