Mstari Niliouruka

Supa, mjukuu wangu Lemayian,

Nyanya yako anakusalimia, na ng'ombe wamepata nyasi. Umeniuliza kama uweke sahihi kwa karatasi ya yule dereva aliyekugonga ukiwa kwa pikipiki yako hapo Kitengela.

Naona aibu kukujibu. Nikiwa kijana, mkubwa wangu wa kazi alimgonga mtu wa pikipiki. Jamaa hakujua kusoma, kwa hivyo nilimsomea karatasi ya mkubwa kitandani, hospitali ya Kajiado. Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Mstari uliosema hatadai fidia tena, niliuruka. Jamaa akaweka kidole, akanishukuru.

Usiweke sahihi mpaka wakili wako mwenyewe aisome yote.

Yule jamaa hutembea na mkongojo mpaka leo. Tukikutana sokoni, huwaambia watu mimi ndiye niliyemsaidia.

Babu yako