Kava Niliyoiandika kwenye Karatasi za Babu

Mabatini,
Mwanza.
Alhamisi, 5 Juni 2025.

Mpendwa Mama mdogo Wilhelmina,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza chochote, kuna jambo sijamwambia mtu hata mmoja. Nilichana karatasi tatu za nyuma kwenye daftari la nyimbo la marehemu Babu Kahigwa, lile ambalo Baba alirudi nalo kutoka Bukoba baada ya matanga, na ambalo hataki hata lifutwe vumbi na mtu mwingine. Zilikuwa tupu. Lakini ni za Babu, na nilizichana.

Haya, nimeshaliandika, sasa naweza kukusalimia vizuri. U hali gani huko Tunduru? Mama alisema miguu ilikuwa inakuvimba kwa kusimama wodini. Imepungua? Na huko nako baridi imeanza?

Sisi hatujambo. Mama ana mafua, ya vumbi tu. Baba mzima. Mimi kesho tunafunga shule, mitihani ya kidato cha tatu nimemaliza jana. Kiswahili na Kiingereza nimefanya vizuri. Kemia tusiiongelee.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Ile simu ninayotumia ni ya kila mtu humu ndani, na ujumbe wa sauti siwezi kuurekodi nyumba nzima ikinisikia. Halafu unanijua, kwenye simu nasema ndiyo, hapana, haya, basi. Kwa kalamu ndiyo naongea.

Unakumbuka mwaka ule uliokaa kwetu ukifanya mafunzo ya uuguzi? Ulikuwa ukifua unaimba nyimbo za redioni kwa mwendo wako mwenyewe. Wimbo wa mapenzi unauimba kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mama alikuwa anasema, "Wilhelmina, mwenye wimbo akikusikia atakushtaki." Na wewe unamjibu, "Aje auchukue, na hizi nguo amalizie yeye." Nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo kwenye beseni.

Maana nyimbo ninazozipenda zaidi siyo zile zenyewe, ni zilizorudiwa na watu wengine. Shuleni tunaziita kava. Baba na rika lake wanasema kopi, na wanalisema kwa dharau kidogo, kama vile mtu kanakili mtihani. Mimi sioni hivyo. Wimbo ukitoka kwa mwenyewe ukaenda kukaa kwa mtu mwingine, unasikia vitu ulivyokuwa huvisikii.

Mwezi wa nne jirani yetu wa nyuma aliozesha binti, wapiga matarumbeta wakapita mtaa mzima juu ya pikapu wakipiga wimbo fulani unaochezwa kila kibanda cha simu. Wimbo wenyewe siupendi, kijana analia tu kwamba ameachwa. Lakini tarumbeta halina maneno, na yule wa tarumbeta kubwa alikuwa anachelewa kidogo kila mara, kama mzee anayewafuata wajukuu. Nilisimama getini na ndoo ya maji hadi wakapinda kona. Habari ya kuachwa ilikuwa haipo tena, na bibi harusi alikuwa anacheka.

Nyingine ni ya bibi yake Bhumika, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Kwao wana duka la vitambaa mjini tangu zamani sana. Bibi Manjula anaimba wimbo mmoja wa dansi wa enzi za usichana wake, huku anapiga kile kinanda chao kidogo cha kusukuma upepo kwa mkono. Maneno ni Kiswahili, lakini sauti anaizungusha kwa namna ya kwao. Pale mwimbaji wa bendi alipopita moja kwa moja, yeye anapanda ngazi na kushuka. Nilimuuliza alijifunzia wapi.

"Dirishani," akasema. "Baba yangu alikataa niende dansini. Dirisha hakulifunga."

"Bibi! Mbona hujawahi kuniambia?" Bhumika akasema.

"Hujawahi kuuliza. Wewe unauliza chapati tu."

Ya tatu ni yangu mwenyewe, na ndiyo yenye matatizo.

Kuna wimbo unaitwa "Ongeza Kreti". Huko Tunduru lazima umefika, maana hauna adabu ya kubakiza mahali. Jamaa yuko baa, anataka kreti nyingine ya bia, na anataka mhudumu ailete mwenyewe akiwa anacheza, ndiyo hivyo dakika tatu nzima. Lakini kiitikio chake ni kizuri, Mama mdogo. Kiko chini ya zile ngoma, kinapanda taratibu halafu kinashuka kama mtu anayekaa chini baada ya kazi. Nilitaka kukisikia bila ngoma. Kwa hiyo mwezi wa pili nikakiandika kwa nota, zile do-re-mi za kwaya. Nikapunguza mwendo hadi nusu, nikakiweka kwenye mapigo matatu kama nyimbo za zamani za kanisani, nikatunga sauti ya pili, ya tatu na besi. Maneno sikuandika. Jina la wimbo sikuandika. Jina langu ndiyo kabisa.

Utaniuliza kwa nini karatasi za Babu. Kwanza ni nene, wino hauvuji. Pili, kuandika nota nilijifunzia kwenye daftari hilohilo, nikinakili ukurasa baada ya ukurasa tangu darasa la sita Baba akiwa kazini. Kwa hiyo hata mkono wangu wa nota unafanana na wa Babu, mi ina mkia mrefu na mistari ya kugawa mapigo imelalia kushoto. Kuandika kwenye karatasi za daftari la shule niliona kama haikai vizuri. Nilipomaliza nikazikunja nikazirudisha humohumo, maana hapo ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo hapaguswi.

(Mama amepita mara mbili kutafuta mkasi, na mara zote mbili nimeifunika barua kwa kitabu. Sijui kwa nini, maana hata hasomi mwandiko wangu bila miwani.)

Mwezi uliopita Baba akalitoa lile daftari. Parokia yetu inatimiza miaka hamsini Jumapili hii ya Pentekoste, na kamati ilitaka wimbo wa matoleo ambao haujawahi kuimbwa Mwanza. Baba, unajua ndiye mwenyekiti wa kwaya, akampa Mwalimu Ndalahwa anayetufundisha nyimbo, achague mmoja kati ya nyimbo za Babu.

Mwalimu akachagua wangu.

Mimi sikujua hadi siku ya mazoezi. Niko sauti ya pili, safu ya nyuma, karibu na nguzo. Mwalimu akaandika nota ubaoni na mimi nikaanza kuzisoma kama wenzangu. Kufika mstari wa pili nikaona ni ule wangu.

"Huu ulikuwa umekunjwa peke yake," Mwalimu akatuambia. "Karatasi tatu, hauna maneno. Nadhani mzee aliuacha bila kuumalizia. Maneno nimeweka mimi."

Maneno yake ni ya kumwomba Mungu apokee mavuno ya ziwa na ya shamba, samaki, mpunga, pamba. Ni mazuri, na yamekaa vizuri kabisa mahali pa kreti.

Tukaimba mara tatu. Mara ya nne Venant wa besi akaanza kutikisa bega.

"Venant!" Mwalimu akagonga meza. "Hilo bega linaenda wapi?"

"Hata mimi silielewi, Mwalimu. Linajiendea."

"Lirudishe. Hapa ni matoleo, siyo ngoma ya kigodoro."

"Ila huu wimbo kama naujua."

"Utaujulia wapi, umetungwa hujazaliwa?"

"Labda mama aliusikia akiwa na mimba yangu."

Kwaya nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nikajisogeza nyuma ya nguzo.

Baba alikuwa amekaa benchi la mbele. Hakucheka. Wimbo ulipoisha akasema, "Rudieni," na tulipourudia akatoka nje akasimama karibu na tanki la maji, ametupa mgongo. Tukiwa tunarudi nyumbani akaniambia, "Waitu, mwanangu Prude, wimbo huu mzee hakuwahi kuniimbia. Nilidhani nazijua zake zote."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Na ni mzuri kuliko zote."

Nikasema tena, "Ndiyo, Baba."

Hebu nielewe, Mama mdogo. Mtu amekwambia kazi yako ni nzuri kuliko zote, na huruhusiwi kufurahi. Tangu siku hiyo anaupiga mluzi kila asubuhi akinyoa ndevu. Mama anasema tangu msiba hajamsikia akipiga mluzi.

Sasa mambo yamefika hapa. Kesho asubuhi Baba anapeleka kijitabu cha misa steshenari kikachapwe nakala mia sita. Nimekiona mezani. Wimbo wa matoleo: Pokea Mavuno ya Ziwa. Mtunzi: Marehemu Mwalimu Kahigwa, Bukoba. Wadogo zake Babu wawili wanapanda meli kesho jioni kuja kuusikia. Na Jumapili hautaimbwa kavu kama mazoezini, kutakuwa na kinanda na ngoma. Venant akiisikia ngoma atakumbuka, yule siyo mjinga. Misa ikiisha vijana wote pale nje watakuwa wanauimba kwa maneno yake ya kwanza. Watu watasema Mzee Kahigwa alitunga wimbo wa baa, au watasema Baba kachukua wimbo wa watu akampa marehemu. Yote mawili siyawezi.

Nimejaribu kusema. Jumatatu wakati wa chai nikaanza, "Baba, ule wimbo," akaniangalia, akasema, "Eeh?" Nikasema, "Ni mzuri." Jumanne nikajaribu kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza aibu yangu inapungua kidogo, maneno yanakuwa kama ya darasani. Akaniuliza kama ni zoezi la shule. Jana nimeandika ujumbe kwenye simu, nikaufuta, nikaandika tena, nikaufuta.

Nilifikiria pia kunyamaza, sitakudanganya. Nilijiambia labda Venant hatakumbuka, na Baba atabaki na wimbo wake, na mluzi wake. Lakini jana nililifungua daftari. Mle ndani kuna nyimbo thelathini na nne alizotunga Babu kwa mkono wake, na Jumapili hautaimbwa hata mmoja. Watu watasimama kumpigia makofi kwa kitu ambacho hakukifanya, na alivyofanya vitabaki kabatini. Hilo ndilo linaniuma, kuliko hata ile kreti.

Upo mmoja ukurasa wa kumi na nne, wa matoleo vilevile. Ni mfupi, sauti ya pili ina kazi kidogo mwishoni, lakini kwaya inaweza kuushika kwa mazoezi ya kesho na Jumamosi. Una maneno yake, ya Kihaya juu na Kiswahili chini. Nimeshaunakili kwa sauti zote nne, kwenye karatasi za kawaida za kununua. Mwalimu Ndalahwa akipewa leo, anaweza.

Kitu kimoja sijui nitamwambiaje Baba. Ule mkono alioutambua Mwalimu alipomwonyesha zile karatasi, akasema huu ni mkono wa mzee kabisa, hakukosea sana. Mimi niliutoa kwa mzee. Sijui kama hilo litamsaidia au litamkera zaidi.

Nilipoanza barua hii nilitaka uniambie cha kufanya. Sasa nimepiga hesabu, itakufikia katikati ya wiki ijayo, Jumapili imeshapita. Kwa hiyo wewe huwezi kuniamulia. Nisamehe kwa kukusomesha kurasa zote hizi halafu nakwambia hivyo. Kuandika kumenisaidia, maana kwa mara ya kwanza jambo lote liko mahali pamoja, mwanzo hadi mwisho.

Msalimie Baba mdogo Chenge, mwambie jezi aliyonitumia inanitosha. Mpakate mwanao Bernadeta kwa niaba yangu, na usimfundishe "Ongeza Kreti", ingawa najua umeshamfundisha. Mama anakusalimia bila kujua anakusalimia. Bhumika naye anakusalimia, anasema wewe ndiye mtu mzima pekee anayemjua anayeimba vibaya kwa makusudi. Mungu akupe miguu ya kusimamia zamu zako, na mtu wa kukwambia sasa keti.

Mimi mwanao, nikupendaye kuliko ninavyoweza kutamka,

Prudencia.

Naongeza hapa chini. Baba amerudi kutoka kwenye kikao, nasikia ndara zake koridoni, anakuja huku kuchukua kile kijitabu. Ningeweza kuikunja barua, muda upo. Siikunji. Nimeipanga kurasa kwa mfuatano na kuielekeza upande wa mlango, na ule wimbo wa ukurasa wa kumi na nne nimeuweka pembeni yake. Mdomo nimeujaribu siku mbili ukakataa, lakini Baba anajua kusoma, na kijitabu bado hakijaenda. Ikikufikia ikiwa imekunjwa vibaya, ujue ilipita mikononi mwake kwanza.