Kipande Chako Kinavuka Mpaka

Mama,

Leo nimetoka hospitali Gitega nikashuka kwa miguu hadi nyumbani Magarama nikiongea na wewe peke yangu. Watu waliniangalia. Waangalie.

Nilikuwa nakumbuka tulivyorudi kutoka ukimbizini Tanzania, lori liliposimama Muyinga. Ulishuka kununua ndizi mbivu, ukaongea Kirundi kwa madaha, muuzaji akacheka eti unaongea kama redio. Hukununa. Ulitugawia ndizi, ukasema: "Tumerudi wote. Hakuna chetu kilichobaki kule." Sikuwa nimewahi kukuona na furaha ile.

Sasa sikia. Daktari aliyekutoa uvimbe wa titi alihifadhi kipande chake ndani ya nta. Unakumbuka alivyotueleza? Ndani ya seli zetu kuna vitu vidogo mno, mikroRNA, vinavyozinyamazisha jeni au kuzipunguza sauti. Vingine vikipotea, vingine vikizidi, seli zinakua ovyo. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Wewe, uliyeongoza kwaya kambini ukinyamazisha sauti ya pili kwa kidole tu, ukamwuliza: "Kwa hiyo kwenye titi langu kiongozi wa kwaya ametoroka?" Daktari alicheka hadi akavua miwani. Hata siku ile, Mama! Jamani, utani wako nimeukosa.

Anataka kukisoma kipande hicho pamoja na vya akina mama wengine wa huku. Hakuniahidi dawa. Alisema tu kwamba bila kusoma vya kwetu wataendelea kutukisia kwa vya watu wengine. Ila mashine haipo hapa. Lazima kipelekwe nje ya nchi, na ruhusa aliniomba mimi, mtoto wako mkubwa.

Mama mkubwa, dada yako wa Muyinga, aliwaka. Wiki ijayo tunaganduka, ndugu wote wanakuja Nyarusange kwenye kaburi lako kuondoa msiba, na yeye alitaka kipande kizikwe kabla ya hapo ili uwe umezikwa mzima. "We Goreti, mama yako alirudi, alafu unamutoa tena mu inchi? Unamurudisha bukimbizi?" Nililia, maana hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Halafu juzi nikamkuta mdogo wangu Jenerosa jikoni, anajipapasa titi akidhani simwoni. Sikumwuliza kitu. Niliogopa jibu.

Leo nimekubali, Mama.

Mama mkubwa nimempigia simu mwenyewe. Nilimweleza kwamba nimekubali. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Itarudi?" Nikamwambia watakata vipande vyembamba kuliko karatasi, na kitakachobaki watakirudisha. "Sawa, mwanangu," akasema, akaanza kulia.

Basi nenda. Ulipovuka mpaka mara ya kwanza ulikuwa unakimbia, mimi nikiwa mgongoni kwako. Safari hii hakuna anayekufukuza. Nakuahidi kitakachobaki nitakipokea kwa mikono yangu, nikipeleke Nyarusange, nikulaze vizuri na wenzako. Na Jenerosa nitamshika mkono tuende wote kwa daktari, hata akigoma.

Wengine waganduke wiki ijayo, wanywe, wacheke, ni haki yao. Mimi nitakungoja.

Mwanao,
Goreti