Vitambaa Machoni

Dada Rehema, shikamoo.

Shinyanga ni jua na vumbi mpaka kwenye chai. Leo darasa letu la uzamili wa elimu ya kimataifa limefika kwenye mada ya ulemavu. Mwalimu alitufunga vitambaa machoni, tule michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na mtindi hivyo hivyo, tujue upofu ulivyo. Mtindi wangu uliishia kwenye viatu. Tulipofunguliwa, kila mtu akasema ameelewa.

Kulwa, mwanafunzi mwenzetu asiyeona, alikuwa ameshamaliza sahani yake.

"Mmeelewa kumwaga mtindi," akasema. "Mimi nipo hapa siku zote. Nani ameniuliza?"

Dada, tunataka kumhamishia Bibi mjini kwa sababu ya macho yake. Msalimie sana, halafu umuulize.

Mdogo wako,
Asha